Nibu Iliyolalia Kushoto

3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na daktari naye amesema la kwake. Moyo wangu umechoka. Nikijitunza huenda nikauona mwisho wa mvua hizi. Alilisema kwa sauti ya muuza viatu anayemwahidi mteja kwamba vitapanuka vikivaliwa. Nikamshukuru. Mkwe wangu aliyenisindikiza akauliza habari za chumvi na ngazi. Mimi nilikuwa nawaza kabati.

Kabati hilo lipo chumbani kwangu, lina vioo mbele, na ndani yake mna kalamu za wino za Kijerumani nilizoanza kuzikusanya nikiwa mfasiri katika kiwanda cha nguo. Mitambo ilitoka Ujerumani, vitabu vya maelekezo vilikuja kwa Kijerumani, na mimi ndiye niliyepelekwa kusomea lugha hiyo ili mafundi wasikatwe vidole kwa kukosa wa kuwasomea. Mtaani wananiita Mama Wino. Mume wangu alifariki mwanetu akiwa bado ananyonya. Mwanetu huyo sasa anajenga barabara mbali na hapa, na mkewe ndiye anayeishi nami na kunitazama. Ni msusi, saluni yake ipo kona ya pili.

Nimeamua kuandika kila siku nitakayoweza, na kusema kweli. Naandikia Geha, kalamu iliyotengenezwa Hanover kwa ajili ya watoto wa shule. Ukiitazama huioni thamani yake. Lakini walioitengeneza walimfikiria mtu ambaye wakubwa wengi humsahau: mtoto aliyeishiwa wino katikati ya mtihani. Chini ya nibu, ile ncha ya kuandikia, pana kidude kidogo cha kijani. Wino ukikatika unakisukuma, na akiba iliyokuwa imefichwa inashuka, ya kutosha kurasa moja mbili. Ni vitu vichache vilivyotoka kiwandani vikiwa na wema wa namna hiyo.

Sasa kweli ya kwanza. Mkwe wangu simpendi ipasavyo. Hajanikosea lolote. Ni mwandiko wake. Karatasi za dawa anazonibandikia ukutani zimeandikwa kana kwamba kuku amepita na matope miguuni. Mimi mtu humjua kwa mwandiko, na kwa huyu sijawahi kuona kitu cha kujua.

5 Machi

Mvua. Uji hauna chumvi, mchuzi hauna chumvi. Nazoea.

8 Machi

Nimezitoa zote leo na kuzipanga juu ya taulo mezani. Kuzisafisha kunataka maji ya vuguvugu na subira, na mimi maji ninayo.

Kaweco ndogo ikifungwa ni fupi kama kidole. Ukichomeka kifuniko nyuma inakuwa kalamu ya mtu mzima. Kuna mtu alikaa chini akatambua kwamba mfuko wa shati na kiganja cha mkono havitaki kipimo kimoja. Lamy 2000 ni nyeusi, haina nakshi hata moja. Inajazwa kwa kuzungusha kitako, lakini mahali kitako kinapoungana na mwili hupaoni, hata upapase kwa ukucha. Walianza kuitengeneza mwaka 1966 na bado wanaitengeneza. Kati yangu na kalamu hiyo, mimi ndiye niliyebadilika. Montblanc ina theluji nyeupe kichwani, na kwenye nibu wameandika urefu wa mlima ulioipa jina kwa mita, 4810. Wapo wanaoona ni majivuno. Mimi naona wamejitwisha mzigo: ukiuandika mlima juu ya nibu, sharti nibu iwe na kimo.

Na Pelikan. Juu ya kifuniko pana ndege mwari na makinda wake. Zamani makinda walikuwa wanne, wakapunguzwa wakawa wawili, siku hizi ni mmoja tu. Sisi wakusanyaji huijua kalamu ni ya lini kwa kuwatazama.

Mkwe akaingia na chai, akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi.

"Mama, hapa makinda ni wawili, na hapa ni mmoja. Mwingine kaenda wapi?"

"Kakua, kaondoka."

"Kama mwanao."

Nikacheka bila kupenda. Alipojongea nikamwambia asiguse, maana mikono yake ina mafuta ya nywele siku zote.

"Sigusi, Mama. Natazama tu. Macho hayana mafuta."

12 Machi

Amekuja Lenzi. Ni mstaafu wa benki, mkusanyaji mwenzangu, na jina hilo nilimpa mimi kwa sababu hatembei bila kioo chake cha kukuzia. Zamani tuliwekeana ahadi: atakayetangulia, kalamu zake zote ziende kwa mwenzake, zikiwa katika hali ya kutoka kiwandani.

"Mama Wino, nasikia unataka kunipita."

"Kukupita wapi?"

"Huko. Mimi ndiye mkubwa. Ilikuwa zamu yangu."

"Ungewahi foleni."

Alizikagua moja moja, akigunaguna kwa furaha kama mtu anayekula. Akafika kwenye Pelikan ya milia ya kijani, ile iitwayo 400. Akaisogeza karibu na dirisha.

"Pistoni imekauka. Na hii nibu imelala upande. Nani kaitesa hivi?"

"Marehemu mume wangu."

"Oh. Samahani."

"Hakuitesa. Aliiandikia."

Mume wangu alikuwa mpima ardhi, na alikuwa mashoto. Anayeandika kwa kulia huivuta kalamu; mashoto huisukuma. Aliisukuma ile Pelikan kila siku ya kazi, na ncha ya nibu ikalika kidogo kidogo hadi ikachukua pembe ya mkono wake. Baada ya mazishi niliijaribu. Ilikwaruza karatasi kama paka aliyefungiwa nje. Sikuijaribu tena, niliifungia kabatini.

"Ahadi ni ahadi," alisema Lenzi, kwa upole. "Fundi Meno ataisawazisha. Itaandika kama mpya."

Nikakubali. Nilikubali upesi kuliko alivyotegemea, nikaona nyusi zake zikipanda.

13 Machi

Mvua tangu alfajiri. Paa linavuja sebuleni.

17 Machi

Fundi Meno amekuja kuichukua. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, na vifaa anavyosagia meno ndivyo anavyosawazishia nibu. Anajisifu bila kupumzika, na kila sifa ni ya kweli, jambo linaloudhi.

"Mama Wino! Wa rika lako wananiletea vinywa, wewe waniletea kalamu."

"Meno yangu yapo."

"Yapo mangapi?"

"Yanayotosha kukuuma."

Akacheka mwenyewe, akaigeuza nibu kwenye mwanga. "Hapa nitasaga, na hapa, na huku nitazungushia. Itakuwa mviringo kama punje ya mtama. Mwenyewe akifufuka hataitambua."

Alisema kwa wema, akinisifia kazi ambayo bado hajaifanya. Nikampa. Akaiviringisha kwenye pamba, akaitia katika kisanduku ambacho ndani yake niliona fizi za plastiki.

"Ila usinihimize. Kuna mzee anataka meno ya kwenda nayo harusini kwa bintiye. Meno kwanza. Kalamu haijaalikwa."

Aliondoka kwenye mvua, mwavuli umegeuka nje ndani. Neno lake lilibaki chumbani. Hataitambua.

20 Machi

Leo nimeamka nikakuta kabati limehama. Mvua ya jana ilipasua dari juu yake, na mkwe, bila kuniamsha, alikuwa amezitoa kalamu zote, akazifunga kila moja katika kitaulo cha saluni, akalisukuma kabati hadi ukuta wa pili, akazirudisha. Mahali lilipokuwa palikuwa na beseni lililojaa maji.

Nilifungua vioo nikiwa na hasira iliyokwisha kuandaliwa. Kila kalamu ilikuwa mahali pake. Hata vibanio vilielekea upande niliokuwa nimevielekeza. Nikachukua kioo changu cha kukuzia nikatafuta alama ya mafuta. Hamna.

"Ulijuaje mahali pa kila moja?"

"Mama, mimi ni msusi. Nikifumua kichwa cha mtu kisha aseme anautaka msuko ule ule, lazima nikumbuke kila njia ilikopita."

Nilimwambia asante. Naona aibu kuandika kwamba alishtuka.

Karatasi ya dawa ya leo, hata hivyo, ni ya kuku yule yule.

23 Machi

Mwanangu amepiga simu. "Mama, mnapatana?" "Kama nibu na karatasi." "Hiyo ni nzuri au mbaya?" "Inategemea karatasi." Akasema anasikia mvua hadi kwenye simu.

24 Machi

Mvua. Kupumua ni kazi.

27 Machi

Jana sikuweza kuandika. Leo nimeegemezwa mito, na daftari lipo juu ya sinia.

Ilianza jana asubuhi, nikiwa nimekaa kitandani na Geha mkononi. Kifua kilibana, hewa ikawa haipiti. Niliiona kalamu ikianguka, doa la wino likatambaa kwenye shuka, na wazo langu, nasema kweli, lilikuwa kwamba shuka lenyewe ni jeupe. Mkwe akaja mbio. Akanikalisha wima, akafungua dirisha, akampigia daktari. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenishika mgongoni nisianguke, kwa hiyo simu aliibana kati ya sikio na bega. Daktari akawa anamtajia dawa za kwenye kisanduku: ipi kwanza, ipi baadaye, ipi nisipewe kabisa. Nilimsikia akisema, "Ngoja, daktari, niandike." Akapapasa shuka, akaiokota Geha, akavuta bahasha iliyokuwa mezani, akaandika.

Kwa mkono wa kushoto.

Mtu aliyekosa hewa huona vitu vichache, lakini huviona vizuri. Niliuona mkono ule ukienda. Haukusita. Kiganja kilikaa chini ya mstari, vidole vimelegea, na kalamu ilisukumwa mbele kama mtu anayemwongoza mtoto kwa bega. Niliwahi kuuona mkono mmoja tu ukienda hivyo, na mwenye mkono huo nilimzika.

Jioni, hewa iliporudi, niliomba ile bahasha. Herufi zimesimama wima, nafasi zake sawa, mikia imekunjwa kama kola iliyopigwa pasi. Katika haraka ile! Na mgonjwa mkononi!

"Nani kaandika hii?"

Akautazama mkono wake kana kwamba umekamatwa na yai la jirani. "Mimi, Mama."

"Na hizi za ukutani?"

"Mimi pia. Kwa kulia."

"Kwa nini?"

Alikuwa anakunja khanga iliyokwisha kukunjwa.

"Siku naolewa, mama yangu aliniambia: huko uendako, huo mkono wa kushoto uuache hapa. Mama mkwe usimpe kikombe nao, usimwandikie nao, atasema hukufunzwa. Nikaja. Nikakuta mama mkwe mwenyewe ndiye Mama Wino, anasoma miandiko ya watu kama daktari anavyosoma ulimi. Nikaogopa mara mbili."

"Miaka yote hii?"

"Saluni nasuka kwa kushoto. Ni humu ndani tu."

"Na mumeo hajui?"

"Anajua. Nilimwapisha asiseme. Akadhani ni mambo ya wanawake."

Nilicheka hadi akanishika mabega akihofia kifua kitabana tena. Nilipoweza kusema nikamwambia, "Baba mkwe wako alikuwa mashoto."

Akaacha kukunja khanga. "Sikumkuta, Mama. Na humu ndani hakuna aliyewahi kunieleza."

Ni kweli. Mwanangu asingeweza kumweleza. Hakumwona baba yake akiandika. Na mimi nilikuwa nimemfungia baba huyo kabatini pamoja na kalamu yake.

Hapo ndipo nilipokumbuka kalamu ilipo.

28 Machi

Simu ya Fundi Meno haishiki. Tangu mvua ya juzi usiku hakuna simu inayoshika. Asubuhi nilimweleza mkwe habari yote: nibu, pembe yake, ahadi ya Lenzi, mashine ya Fundi. Mwisho nikasema, "Basi, tuache. Njia ya bondeni ya kwenda kwake imejaa maji, na kalamu si mtu."

"Kama si mtu, mbona unalia ukinieleza?"

Sikuwa nimejua kwamba ninalia.

Akavaa mabuti ya mumewe yanayompwaya, akamwita jirani mshonaji aje akae nami, akatoka. Jirani amekaa pale kwenye kiti, anapinda suruali ya mtu na kunitazama juu ya miwani. Ameniuliza ninaandika nini na kifua kibovu hivi. Nimemwambia naandika wasia. "Basi usinisahau," amesema, akakata uzi kwa meno.

Naandika ili nisisikilize mvua. Nibu ile ni ya dhahabu, na dhahabu ikishasagwa hairudi.

Na sasa niseme lile ambalo kwa ajili yake nililianza daftari hili. Lenzi alidhani nilikubali kwa kuheshimu ahadi. Sivyo. Nilikubali kwa sababu niliionea wivu ile nibu. Sauti ya mume wangu nimeisahau. Sura yake bila picha siipati sawasawa. Pua inakuja, macho hayaji. Lakini ile nibu haijasahau hata unywele. Inakumbuka mkono wake ulivyoinama, uzito wake, uvivu wake wa mwisho wa mstari. Kila nilipofungua kabati niliona kitu kinachomjua mume wangu kuliko mimi, tena kitu kilichonikataa nilipokishika. Fundi aliposema mwenyewe hataitambua, sehemu moja ya moyo wangu ilisema: vizuri, sasa tutakuwa sawa. Hilo ndilo lililokuwa linanikaba. Nimelisema.

Wino umekatika. Nimekisukuma kile kidude cha kijani. Akiba imeshuka.

(Baadaye.) Amerudi. Matope hadi magotini, mfuko wa plastiki ameukumbatia kifuani. Hakuvua hata mabuti.

"Mama, tumshukuru yule mzee wa harusi."

"Kafanyaje?"

"Meno yamemgomea. Akisema yanagonga kama mlango mbovu, kayarudisha mara ya tatu. Fundi kaishia kutengeneza pistoni tu. Nibu ilikuwa zamu yake leo, baada ya chakula. Nimemkuta anafuta mashine."

Jirani akasema hajawahi kuona watu wakishukuru meno kwa machozi.

"Fundi hakununa?"

"Kasema nikwambie angeisaga vizuri kuliko mtu yeyote duniani."

"Hilo najua," nikasema.

29 Machi

Leo ameijaribu.

Nilimwonyesha namna ya kuizamisha nibu chupani na kuzungusha kitako taratibu hadi pistoni ivute. "Nina mafuta mikononi," alisema. Nikamwambia mafuta ni yake na kalamu ni yake, vitaelewana. Nikamwekea karatasi nzuri, ile niliyokuwa nikiibania.

"Niandike nini?"

"Chochote."

Nikafumba macho. Nilikuwa naungoja ule mkwaruzo. Masikio yangu yameutunza miaka yote. Mvua ilikuwa imepumzika. Nyumba kimya. Sikusikia kitu, nikadhani bado anafikiria. Nikafumbua macho na kukuta ameshamaliza mstari, wino bado unang'aa, na nibu inaelea mwishoni ikisubiri neno jingine.

"Inajua njia," alisema, kwa sauti ndogo. "Mama, mbona inajua njia?"

Nikaomba karatasi. Katika herufi zile nzuri, kwa kalamu ambayo haikumkubali mtu tangu mwenyewe alale, alikuwa ameandika: *Mama hajala.*

Nimekula.

1 Aprili

Mvua nyepesi. Ameandika orodha ya sokoni kwa Pelikan 400. Nilitaka kupinga, nikakumbuka kwamba mume wangu aliiandikia vipimo vya mitaro.

6 Aprili

Lenzi amekuja, ameleta visanduku vya kuzibebea. Nikamwambia kabla hajakaa.

"Nimeivunja ahadi. Pelikan ya marehemu haisagwi, na haiji kwako."

Akakaa polepole. "Tulisema zote."

"Tulisema."

"Nimeshachonga droo. Kila kalamu ina kitanda chake ndani."

"Najua."

"Mama Wino, mkusanyo wenye pengo ni kama..."

"Kama kinywa cha mteja wa Fundi Meno."

Hakucheka. Ni mara ya kwanza kumwona Lenzi amekasirika, na nilimheshimu kwa hasira yake. Mtu asiyekasirika kwa ajili ya kalamu asingefaa kuachiwa zangu. Nikamweleza yote, na lile la wivu pia. Alisikiliza akiwa ameshika goti lake.

Mwishowe akasema, "Niione ikiandika."

Mkwe akaitwa kutoka jikoni, akaketi, akaandika. Lenzi akatoa kioo chake, akainama. Nilidhani anaitazama nibu. Nilipoangalia vizuri niliona alikuwa anautazama mkono. Aliutazama hadi mkwe akaona haya akasimamisha kalamu.

"Endelea, binti. Usinijali mimi."

Kisha akajiinua, akafuta kioo kwa tai. "Zangu zote kule nyumbani zinang'aa," aliniambia. "Hakuna hata moja inayomjua mtu."

Nilimwambia kama hataki nyingine kwa sababu ya pengo, nitaelewa.

"Nani kasema sizitaki? Nazitaka. Na kitanda cha hii sikijazi." Akamgeukia mkwe. "Nikatie karatasi ndogo, uniandikie neno la kuweka pale ilipotakiwa kulala."

"Neno gani, mzee?"

"Andika: *Ipo kazini.*"

Akaandika. Lenzi akaipuliza hadi wino ukakauka, akaitia mfukoni mwa shati, karibu na kioo. Halafu akapenga kamasi kwa kishindo, jambo analolifanya akitaka watu wasimtazame machoni. Visanduku ameviacha. Amesema hana haraka.

9 Aprili

Jua dakika chache, halafu mvua na jua pamoja.

14 Aprili

*Mkono wa Mama umechoka. Anasema, mimi naandika.*

Andika kwamba mvua imebaki manyunyu, na daktari alisema kweli, ingawa viatu havikupanuka.

Andika kwamba mkwe wangu amebandua karatasi zote za ukutani akaandika mpya kwa mkono wake wa kweli, na zimependeza hadi daktari ameuliza zimechapwa wapi. Nimemwambia zile za zamani asizitupe, aniwekee hapa kando ya kitanda. Miaka yote niliziona ni za kuku. Sasa nazitazama upya, kwa kioo. Herufi hii imeanguka, hii imepinda, hii imeanza mara mbili. Kila moja iliandikwa na mtu aliyejinyima mkono wake ili asinivunjie heshima, na hakuna dawa hata moja iliyokosewa. Nimeshika nibu za Hamburg, za Heidelberg, za Hanover. Kazi kama hii sijapata kuiona.

Andika hivyo hivyo. Usipunguze.

*Sipunguzi, Mama.*

Andika pia kwamba mstari wake unapanda juu kidogo ukielekea mwisho. Wa marehemu nao ulipanda. Nilikuwa nimelisahau hilo, nimelikumbuka sasa hivi nikimtazama. Nikimtazama akiandika, macho ya mume wangu nayo yanakuja. Yalikuwa yakibana kidogo, hivyo hivyo, mstari ukikaribia ukingo wa karatasi.

*Mama anataka niuache mstari uzidi kupanda. Nimeuacha.*

20 Aprili

*Jua tangu asubuhi. Mama tumemzika juzi. Mume wangu aliwahi kufika. Lenzi na Fundi Meno walikuja pamoja wakibishana njia nzima nani alimjua zaidi, na yule mzee wa meno naye alikuja, sijui ni nani aliyemwambia. Meno yake sasa hayagongi.*

*Leo Lenzi amezichukua kalamu. Nilimfungia kila moja kwenye kitaulo. Geha nilikuta imekauka, akiba yote imekwisha. Nimeiosha kwa maji ya vuguvugu kama alivyonifundisha, hadi maji yakatoka meupe, nikaifuta, nikampa.*

*Kisha nikaijaza hii Pelikan.*